Mimbari Katikati ya Soko: Kisa cha Mwandishi Mkristo katika Maonyesho ya Vitabu Nairobi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea jijini Nairobi katika miaka ya karibuni, wakati wa maonyesho ya vitabu yaliyochukua siku tano, kuanzia Jumatano hadi Jumapili. Mwandishi mwenyewe amekubali kiandikwe kwa sharti kwamba jina lake, jina la kitabu, kanisa lake na majina ya wote aliokutana nao yaachwe. Tutamwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha shule za msingi miaka mingi kabla ya kustaafu na ndivyo majirani wanavyomwita hadi leo. Mimi nilikuwa mhariri wa muswada wake na nilikaa naye bandani siku nne kati ya zile tano. Ni vyema msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu baadhi ya makosa yanayochambuliwa humu yalitokana na ushauri wangu.

Usuli

Mwalimu ni mjane na mzee wa kanisa. Baada ya kumzika mumewe alianza kuandika katika daftari yale yanayompata mfiwa wakati hema la matanga limekwisha kung'olewa, viti vya kukodi vimerudishwa na wageni wamepanda magari kwenda kwao: deni la mazishi ambalo kamati ya mchango haikulimaliza, shemeji anayeanza kuulizia shamba, mtoto anayeuliza baba atarudi lini, na ukimya wa nyumba saa kumi na mbili jioni. Daftari hilo lilikua likawa kitabu cha kurasa 136 kwa Kiswahili, kinachochanganya kumbukumbu zake, mafundisho ya Biblia na ushauri wa vitendo.

Muswada ulipelekwa kwa wachapishaji wawili wa vitabu vya Kikristo na haukupata jibu. Hilo halikuwa la ajabu sana. Mashirika ya Kikristo ya kanda hii, kama vile Uzima Press, Evangel na Paulines hapa Nairobi, au Central Tanganyika Press kule Dodoma, yana historia ndefu, na kwa kweli uchapaji wa Kiswahili kwa herufi za Kirumi ulilelewa kwa sehemu kubwa na mashine za misheni tangu zile za UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, kule Unguja. Lakini mwandishi mpya asiye na jina wala cheo kikubwa kanisani ni mzigo mzito kwa mchapishaji yeyote. Mwalimu akaamua kujichapishia. Alipata ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kupitia Huduma ya Maktaba za Kitaifa Kenya, akalipia nakala 500 kwa shilingi 210 kila moja, na juu yake kodi ya VAT ya asilimia 16, hivyo kila nakala ikamgharimu shilingi 243.60 kabla haijatoka mlangoni mwa mpiga chapa. Kodi hiyo iliwekwa juu ya vitabu kwa sheria ya 2013 na wachapishaji wa Kenya hawajaacha kuilalamikia. Mwandishi anayejilipia hukutana nayo katika ankara ya uchapaji akiwa peke yake.

Suala la lugha lilikuwepo tangu mwanzo. Makanisa mengi ya mjini Nairobi yana ibada mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili, na mara nyingi wenye fedha za kununua vitabu huketi katika ile ya Kiingereza, ambako vitabu vya ibada vya waandishi wa Marekani vinapatikana kwa urahisi. Rafiki zake kadhaa walimshauri akitafsiri kwanza. Alikataa, akisema kwamba yeye hakulia kwa Kiingereza.

Maandalizi na maamuzi ya kwanza

Banda la peke yake lingemshinda kwa gharama. Aliungana na watu wawili: kijana anayeandika vitabu vya watoto, na mzee mmoja Msabato ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwinjilisti wa vitabu, yaani mmoja wa wale wanaotembea nyumba hadi nyumba na ofisi hadi ofisi na mkoba wa vitabu vya afya, familia na dini. Kila mmoja alilipa shilingi 18,000 na kupata meza moja.

Mwalimu alibeba nakala 300 katika maboksi matano ya nakala sitini sitini. Kila nakala aliifunga kwa nailoni ngumu ili isichafuke, kazi iliyomchukua jioni tatu nzima. Alitengeneza bango la mita mbili lenye maneno YESU NDIYE JIBU kwa herufi nyekundu, na jina la kitabu chini yake kwa herufi ndogo. Alibeba pia trakti, yaani vijikaratasi vya kuhubiri injili, mia nne alizopewa na idara ya uinjilisti ya kanisa lake, kwa sababu wazee wenzake walikuwa wamemwombea na kumtuma rasmi mbele ya ushirika, na katika fikra zao na zake safari hiyo ilikuwa huduma. Bei ya shilingi 600 niliipendekeza mimi. Hesabu yangu ilikuwa kwamba maduka mengi ya vitabu huomba punguzo la hadi asilimia 40, kwa hiyo dukani angepokea shilingi 360 na kubaki na 116.40 kwa kila nakala.

Hakuna aliyemuuliza, wala mimi sikumuuliza, ni nani hasa atakayepita mbele ya meza hiyo.

Jumatano na Alhamisi

Waliopita walikuwa watoto wa shule. Mabasi yaliwashusha tangu saa tatu asubuhi, wakiwa na sare, wakitembea kwa mistari nyuma ya walimu wao, na mabanda makubwa ya wachapishaji wa vitabu vya kiada yaliwangoja kwa vipeperushi na peremende. Watu wazima waliokuwepo siku hizo walikuwa walimu, wakutubi na wauzaji wa wachapishaji wenyewe, wote wakiwa na orodha mikononi. Katika kundi kama hilo mwandishi wa kitabu cha kufariji wafiwa ni sawa na muuza miavuli mwezi Januari.

Mwalimu alifanya alichokuwa amekuja kufanya. Alisimama mbele ya meza, akawasalimu wapitaji kwa "Bwana asifiwe", na kila aliyesimama alimweleza kwa dakika tano au sita jinsi Mungu alivyomshika mkono. Niliketi nyuma nikaona kitu kimoja kikijirudia: mtu anasimama, anavutwa na jalada, anachukua nakala, anaigeuza mkononi, anatafuta mahali pa kufungulia nailoni, hapapati, na wakati huo huo ushuhuda umeanza, macho yake yanahama kutoka kwenye kitabu kwenda kwa msemaji, kisha kwenda upande wa mlango. Anakirudisha kitabu kwa adabu, anasema "Ubarikiwe, mama," anaondoka.

Wachungaji watano na wainjilisti kadhaa walipita Jumatano. Kila mmoja alimsifu, na kila mmoja aliondoka na nakala ya bure, kwa kuwa Mwalimu aliona haya kumuuzia mtumishi wa Mungu. Kufikia jioni alikuwa ametoa bure nakala 12 na kuuza nne.

Tukio zito zaidi lilitokea Alhamisi kabla ya adhuhuri. Mwalimu alikuwa akiwapa wanafunzi trakti pamoja na alamisho za vitabu, na watoto, ambao katika maonyesho huchukua chochote kinachotolewa, walijaza mikono. Baada ya muda alirudi mwalimu wa kike aliyevaa hijabu, akiwa ameshika trakti kumi na saba alizozikusanya kutoka kwa darasa lake. Aliziweka mezani zikiwa zimepangwa vizuri, kingo zikiwa zimelingana, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hawa ni watoto wa watu." Kisha akaongeza shikamoo, akaondoka na watoto wake.

Mwalimu alikaa chini. Hakusema lolote kwa muda mrefu. Baadaye aliniambia kwamba kama mgeni yeyote, wa dini yoyote, angeingia darasani kwake zamani akagawia watoto karatasi bila kumwuliza, angemtoa nje kwa sikio. Trakti zilizobaki zilirudi kwenye boksi na hazikutoka tena. Siku hiyo ziliuzwa nakala saba.

Ijumaa

Mzee Msabato alikuwa ametazama siku mbili bila kusema, kama wafanyavyo wauzaji wa zamani. Alhamisi jioni, wakati wa kufunika meza, alichukua nakala moja ya Mwalimu, akachana nailoni kwa ukucha wa kidole gumba, akaifungua katikati na kuilaza kifudifudi pembeni mwa meza kama kitabu ambacho mtu alikuwa akikisoma akaitwa mara moja. "Mwalimu," akasema, "mnunuzi mwache aingie mwenyewe. Wewe ukae upande, mkono wako uwe na kazi nyingine."

Usiku huo yaliamuliwa mambo matatu. Nakala kumi zingefunguliwa na kuachwa wazi. Bango lingeshushwa, na badala yake karatasi ya manila ingeandikwa kwa kalamu nene: NANI ALIBAKI NAWE BAADA YA MATANGA? Na bei ingeshuka hadi shilingi 500. Uamuzi wa kushusha bango ulimsumbua Mwalimu kuliko yote, kwa sababu aliona kama anamkana Bwana mbele ya watu. Alimpigia simu mchungaji wake. Mchungaji alimkumbusha Matendo sura ya 17, kwamba Paulo alipofika Athene alianza na madhabahu yao wenyewe ya mungu asiyejulikana. Sijui kama mfano huo unatosha, maana Paulo hakuwa akiuza kitu. Lakini ulimtuliza, na bango likakunjwa.

Ijumaa, kama saa nane mchana, mmoja wa walinzi wa ukumbi alisimama kwenye kona ya meza. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, kofia imewekwa chini ya kwapa. Alikiinua kile kitabu kilicholazwa kifudifudi na kuanza kusoma pale pale kilipofunguliwa, yaani kwenye sura inayohusu viatu vya marehemu: jinsi Mwalimu alivyoshindwa kuviondoa mlangoni kwa miezi saba, akawa anavipangusa kila Jumamosi. Alisoma akiwa amesimama. Akageuza ukurasa. Niliona midomo ya Mwalimu ikifunguka kutaka kusema neno, na niliona mzee Msabato, bila kumtazama, akimsukumia bahasha za kuhesabu. Akahesabu bahasha. Yule kijana alisoma karibu nusu saa, akiinua macho tu redio yake ilipoita, kisha akauliza kama angeweza kulipa mia mbili sasa na mia tatu kesho. Mwalimu alimwambia achukue kitabu, kesho ataleta. Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi, kabla milango haijafunguliwa kwa wageni, alikuja akalipa zote kwa M-Pesa, akaomba aandikiwe jina la mama yake kwenye ukurasa wa mwanzo.

Nakala 19 ziliuzwa siku hiyo. Pia kuanzia siku hiyo kijana wa vitabu vya watoto alimshauri Mwalimu aweke daftari ambamo mnunuzi anayependa angeandika jina na namba ya simu. Daftari lilikaa wazi mezani, kila mtu akiweza kusoma namba za waliomtangulia, jambo ambalo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 halipendezi hata kidogo. Kijana ndiye aliyeligundua Jumamosi, na tangu hapo kila mtu akaandika kwenye karatasi yake mwenyewe na kuitumbukiza katika boksi.

Jumamosi na Jumapili

Katika maonyesho ya aina hii Jumamosi ndiyo siku ya familia, na kwa mwandishi wa vitabu visivyo vya shule ndiyo siku ya mauzo. Mzee Msabato hakuwepo. Ijumaa kabla ya jua kuzama alifunika meza yake kwa kitenge na kuondoka. Mwalimu alikuwa amejitolea kumuuzia vitabu vyake, akakataa kwa upole, akisema kwamba biashara yake haiwezi kushika Sabato ikiwa inafanywa kwa mkono wa mwingine. Alimwachia hata hivyo nafasi: "Vitabu vyangu viko chini ya meza. Juu ya kitenge weka vyako." Mwalimu naye angekwenda ibada ya kwanza Jumapili, na mzee angemshikia meza hadi adhuhuri.

Kwa hiyo Jumamosi alikuwa na meza mbili, na ziliuzwa nakala 46. Walionunua hawakuwa tuliowatarajia. Wakristo wa Nairobi waliotoka na watoto wao walikuwepo, lakini wengi walisoma jalada, wakauliza kama kipo cha Kiingereza. Walionunua bila kuuliza hivyo walikuwa walimu wa Kiswahili, familia za kutoka Goma na Bukavu zinazoishi Nairobi, mfanyabiashara wa Arusha aliyechukua nakala nne, na wanawake wa makamo waliokuja wawili wawili. Mwanamume mmoja wa Kikatoliki aliuliza kama kitabu kinafundisha kuwaombea marehemu. Mwalimu alimjibu ukweli kwamba hakifundishi, kwa kuwa kanisa lake halifanyi hivyo, na kwamba sura ya tano inazungumzia jinsi ya kuishi na majirani wanaofanya. Akakinunua. Mzee mmoja Mwislamu alisoma ukurasa wa madeni ya mazishi, akacheka peke yake, akasema, "Hili halina dini," akakirudisha. Hakununua, lakini alituletea mkewe saa moja baadaye, naye alinunua.

Jumamosi hiyo hiyo alikuja mtu aliyejitambulisha kuwa anafanya kazi katika uchapishaji wa vitabu vya dini. Alipitia kurasa kadhaa, kisha akauliza nukuu zimetoka tafsiri gani ya Biblia. Hatukuwa na jibu safi. Mwalimu alinukuu Union Version ya 1952 kwa moyo, kwa sababu ndiyo aliyokua nayo, lakini katika sura mbili alikuwa amenakili vifungu virefu kutoka Biblia Habari Njema kwa kuwa lugha yake ilikuwa nyepesi kwa mfiwa. Hakuna mahali kitabu kilipotaja tafsiri, na ruhusa haikuombwa. Mgeni huyo hakutisha mtu. Alieleza tu kwamba neno la Mungu ni la wote lakini tafsiri ina mwenyewe, na kwamba kifungu kirefu kinahitaji barua. Hilo lilikuwa kosa langu kama mhariri kabla ya kuwa lake.

Jumapili mzee aliuza nakala tisa kabla ya saa sita, na Mwalimu aliporudi kutoka kanisani ziliuzwa kumi na mbili zaidi.

Hesabu

Nakala 97 ziliuzwa: 11 kwa shilingi 600 na 86 kwa shilingi 500, jumla shilingi 49,600. Sehemu yake ya banda ilikuwa shilingi 18,000, bango 3,500, usafiri wa maboksi na yeye mwenyewe 4,200, chakula 2,500. Alilala kwa binamu yake. Gharama za maonyesho zikawa shilingi 28,200. Nakala 109 zilizotoka mkononi mwake, yaani zilizouzwa pamoja na zile 12 za bure, zilikuwa zimemgharimu shilingi 26,552.40. Alirudi nyumbani na hasara ya shilingi 5,152.40, maboksi matatu kamili na nakala kumi na moja za ziada.

Baada ya wiki sita, mwanamke mmoja aliyeacha namba yake Jumamosi alipiga simu. Alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama cha dhehebu jingine, nao walitaka kitabu kimoja kwa kila familia inayofiwa katika parokia yao. Walichukua nakala 60 kwa shilingi 400, na baada ya kutoa gharama ya uchapaji na shilingi 900 za kuzisafirisha, Mwalimu alibaki na shilingi 8,484. Hasara ya maonyesho ikafutika, ikabaki faida ya shilingi 3,331.60. Katika wachungaji na wainjilisti waliopata nakala za bure, hadi leo hakuna aliyepiga simu.

Uchambuzi

Kishawishi cha kwanza ni kusema kwamba bei ndiyo iliyookoa hali. Sidhani. Mambo matatu yalibadilishwa usiku mmoja, na siku zenyewe zilikuwa tofauti, kwa hiyo hatuwezi kugawa sifa kwa uhakika. Lakini katika kumbukumbu zangu za Jumatano na Alhamisi nimeandika watu wanne tu waliouliza bei wakaondoka. Wengine wote waliondoka kabla ya kufika kwenye bei. Kama nakala zile 86 zingeuzwa kwa 600 zingeleta shilingi 8,600 zaidi, na Mwalimu angerudi na faida ndogo badala ya hasara. Tena, muuzaji wa duka aliyeona 500 mezani hawezi kuambiwa baadaye kwamba bei ni 600, na kwa 500 punguzo la asilimia 40 linamwachia mwandishi shilingi 56.40. Tulikata bei kwa sababu tulikuwa tumevunjika moyo, na bei ndicho kitu chepesi zaidi kukishika mtu akivunjika moyo.

Nailoni ndiyo iliyotuumiza kwa namna isiyoonekana. Kitabu cha mwandishi anayejulikana kinaweza kufungwa, kwa maana msomaji anajua anachonunua. Cha mwandishi asiyejulikana hakina ushahidi mwingine ila kurasa zake. Mwalimu alikifunga kitabu kwa heshima ya kazi yake, kisha akajaribu kufidia kwa mdomo kile ambacho kurasa zilikuwa zimezuiwa kusema. Ushuhuda wake ulikuwa wa kweli na ulikuwa mzuri, nami niliusikia mara nyingi bila kuuchoka, lakini ulidai msikilizaji atulie kama mshirika kanisani. Sura ya viatu ilimwambia yule mlinzi jambo lile lile bila kumdai kitu, hata kumtazama usoni. Mtu aliyefiwa hataki kutazamwa usoni na mgeni ukumbini, na hilo Mwalimu alikuwa ameliandika mwenyewe katika sura ya pili.

Kuhusu trakti, wapo ndugu waliosoma rasimu ya uchambuzi huu wakasema nimekuwa mkali. Agizo la kuhubiri, wanasema, halina saa za kazi. Silipingi agizo. Ila watoto walioshuka kwenye basi walikuwa chini ya mikono ya walimu wao kwa niaba ya wazazi, na kuwapa maandishi ya dini bila kupitia kwa mwalimu ni kumzunguka mzazi, awe Mwislamu, Mkatoliki au mshirika wa kanisa letu wenyewe. Upande wa biashara nao uliumia: walimu waliokuwa na madarasa walianza kuwapitisha watoto upande wa pili wa njia, na walimu hao hao ndio, kama Jumamosi ilivyoonyesha, waliokuwa wanunuzi wazuri wa kitabu cha Kiswahili. Mwalimu ameniambia kwamba ile meza yenye trakti kumi na saba zilizopangwa ndiyo anayoikumbuka kila anapofikiria maonyesho, kabla ya mauzo yoyote.

Bango jipya lilifanya kazi kwa sababu liliuliza jambo ambalo mpitaji alikuwa na jibu lake tayari. Bango la kwanza lilitoa jibu kabla ya swali, na aliyekwisha kuamini hakuona sababu ya kusimama, naye asiyeamini aliona sababu ya kupita haraka. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema mwandishi Mkristo afiche imani yake hadi mauzo yakamilike. Mwalimu hakuficha. Mkatoliki alipouliza alijibiwa waziwazi, na jina la Yesu liko nyuma ya jalada na katika kila sura. Kilichobadilika ni nani anaanza kusema.

Nakala za bure ni jambo gumu zaidi kuamua, kwa maana katika makanisa yetu kumuuzia mchungaji kitabu huonekana kama kumtoza nauli mgeni uliyemwalika. Kama angetoa mbili kwa wachungaji wenye maduka ya vitabu makanisani mwao, akaandika majina yao na kuwafuatilia, zingekuwa mbegu. Alitoa kumi na mbili kwa kuona haya, bila kuandika hata jina moja.

Kilichofanikiwa kabisa, na ambacho sikukipanga, ni banda la watu watatu wasiofanana. Mzee Msabato alileta ujuzi wa kuuza vitabu vya dini kwa watu wasioomba, ujuzi wa miaka ya kubisha milango. Kijana alileta daftari na wasiwasi wake juu ya namba za watu. Tofauti ya siku ya ibada, ambayo kwingine huzaa mabishano yasiyo na mwisho, hapa ilimpa kila mmoja siku yake bila meza kukaa tupu. Mabanda mengi ya Kikristo huundwa na watu wa kanisa moja, nao wote huondoka wakati mmoja kwenda ibadani na kurudi wakati mmoja.

Yaliyofuata

Mwalimu aliandika barua mbili za kuomba ruhusa ya kunukuu, na katika nakala zilizobaki akabandika kikaratasi kinachotaja tafsiri zilizotumika, ingawa tulimweleza kwamba kutaja si sawa na kuruhusiwa. Kwa toleo la pili amepunguza vifungu virefu na kuandika upya sura mbili. Bei imerudi 600. Ameulizia banda la mwaka unaofuata pamoja na wenzake wale wale, mzee akiwa tayari amepanga kitenge chake cha Ijumaa. Barua moja imejibiwa na kuombwa maelezo zaidi kuhusu idadi ya aya. Nyingine bado, na mpiga chapa ameambiwa angoje.